Kisima cha Marehemu Mwishehe

Visiga, Kibaha
2 Machi 2024

Shangazi Mwanne,

Shikamoo. Najua mvua za kwanza hazikukuti umekaa, kwa hiyo naamini unaisoma hii jembe likiwa bado mkononi. Sisi hapa Visiga tuko salama. Mke wangu Maulida anakusalimu sana, na mjukuu wako mdogo ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba. Ukiongea na binamu yangu Firdausi mwambie bado sijamsamehe kwa kuolewa na mwingine na kuniacha kwenye mataa.

Usishangae kupata barua zama hizi. Simu yako nikiipiga naambiwa haipatikani, na huko Chole mtandao wenyewe mnaungoja kama mgeni. Huyu kijana mrefu aliyekuletea ni Ponsiano, dereva wetu wa mradi. Atapita kwako kila mwezi, basi tutaandikiana kwa mkono wake.

Shangazi, unaikumbuka ile kampuni iliyokuja kutafuta madini kule Mashimoni, jirani na Chole, nilipokuwa darasa la saba? Walitoboa ardhi, wakamimina dawa zao kujaribu kuyeyusha urani huko chini, halafu wakaondoka bila kuziba. Sasa imeonekana urani ile imeingia kwenye maji ya ardhini. Huioni, haina harufu, haina ladha. Mtu akiyanywa maji hayo kwa muda inamharibia figo.

Mradi wetu, wenye ofisi hapa jirani Zegereni, ndio umepewa kazi ya kuyasafisha. Tumefunga pampu mbili huko Mashimoni. Zinayavuta maji juu, tunayapitisha kwenye matangi yenye chembechembe ndogo mfano wa uwele, zile chembe zinanasa urani, na maji yaliyobaki safi tunayarudisha ardhini. Ile pampu ya upande wenu ina kazi ya ziada: inayavuta maji mabaya yasisogee kwenye visima vya watu.

Kila kisima kitapimwa kila mwezi, na cha marehemu baba kimo. Ponsiano atakuachia chupa, uijaze kisimani, uifunge, umpe. Mpaka majibu yatoke, maji ya kunywa chukueni kwenye tangi tulilolipeleka shuleni. Nakuomba sana.

Mwanao,
Halidi

*

Chole, Kisarawe
27 Machi 2024

Baba yangu Halidi,

Marahaba. Nakuita baba kama kawaida, maana jina ulilobeba ni la baba yangu na sitalitupa kwa sababu siku hizi unapanda gari la mradi. Sisi tunafunga salama. Mihogo imekubali, kunde zimeliwa na wadudu, Mboni jirani yangu bado analalamika mgongo na bado anacheza ngoma kila harusi. Mwandiko wangu usiucheke, ni ule ule wa elimu ya watu wazima, haujaongezeka.

Habari kubwa unayo? Firdausi yuko hapa. Ana mimba ya miezi minne. Mumewe yuko njiani na malori, leo Tunduma kesho Lubumbashi, nikasema mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, aje mapema apumzike. Amesoma salamu zako akasema umwambie Maulida akufunge kamba.

Sasa hayo ya kisima. Nimeyasoma na nimechukia kidogo, nakwambia kweli. Kile si kisima tu cha maji. Kile ni sadaka jariya ya babako. Tulikichimba baada ya arobaini yake, wewe mwenyewe ulishuka chini na sururu mpaka viganja vikachubuka, na kila anayekunywa pale thawabu inamfikia Mwishehe kaburini. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu miaka kumi na moja, kunyweni mumwombee kaka yangu. Leo niwaambie maji ya maiti wangu yana sumu?

Chupa nimeijaza, nimempa huyo Ponsiano wako. Kijana mwenye adabu, ingawa hakufunga. Nimewapa maji mazuri, msije mkasema kwa Mwanne mlipewa maji machafu.

Shangazi yako,
Mwanne

*

Visiga
22 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Idi ilikuwaje? Sisi tulikula pilau mpaka mtoto akaugua tumbo, sasa amepona. Hongera kwa Firdausi. Mwambie nimenyamazishwa kwa muda, Maulida ameisoma ile barua.

Nina habari njema, nakaa vizuri niiandike. Habari za furaha hazipatikani siku hizi, lakini hii moja nimeipata: kisima cha baba ni safi. Urani haimo kabisa. Kisima cha akina Mboni kina mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa, na kile cha karibu na shule ni kibaya zaidi. Cha baba hakina kitu. Nimeisaini karatasi mwenyewe, na nakala moja itabandikwa ofisi ya mtendaji ili majirani wajue kwamba wanaweza kuchota kwako.

Wakubwa wamefurahi pia. Kwa kuwa upande wenu umeonekana salama, ile pampu inahamishiwa kaskazini, ambako ni kubaya zaidi. Watakuja kuing'oa wiki ijayo. Usiogope kelele.

Kila mwezi chupa itaendelea kuja. Ijaze vile vile, kutoka kisimani.

Halidi

*

Chole
9 Juni 2024

Baba yangu,

Marahaba. Sikukuandikia mwezi uliopita, mavuno ya mpunga yalinishika shingo. Mwanangu mdogo wa kung'ata watu vipi? Mwambie bibi yake hana meno, hataweza kulipiza.

Hapa kwangu ni kama kuna harusi. Tangu karatasi ibandikwe, watu wanakuja na ndoo toka alfajiri. Mboni anakuja na wajukuu wake wote. Nimeweka kibao, nimeandika kwa mkaa: Kisima cha Marehemu Mwishehe, mwombeeni. Na wanaomba, nawasikia nikiwa jikoni. Halidi, hujui moyo wangu ulivyotulia. Kaka yangu alikufa bila kusema neno, ghafla, sikuwahi hata kumpa maji ya mwisho. Sasa Chole nzima inakunywa kwa jina lake.

Firdausi kila asubuhi nampa kikombe kikubwa cha maji ya mjomba wake kabla ya chai. Nasema ni baraka, na yeye anakunywa, mtoto msikivu. Miguu imemvimba kidogo na uso asubuhi unakuwa mzito. Chakula hataki. Nesi wa zahanati anasema mimba ya kwanza ina vituko vyake. Mimi namwongezea maji.

Chupa zote mbili, ya mwezi uliopita na ya huu, Ponsiano amechukua.

Mwanne

*

Visiga
1 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima. Nisamehe, leo salamu ni fupi.

Nakuuliza jambo moja na nakuomba unijibu kwa Ponsiano huyu huyu. Chupa unazijaza wapi? Ardhi ya huko kwenu ina chumvi, kila kisima cha Chole kina chumvi, hata kile tulichochimba mimi nawe nakumbuka kilikuwa na ukali kwenye ulimi. Maji yanayofika maabara hayana chumvi hata chembe. Recho, mwenzangu anayepima, anasema haya ni maji ya mvua.

Simshutumu mtu. Niambie tu. Na uvimbe wa Firdausi usikae nao nyumbani, mpeleke hospitali ya wilaya wampime figo na mkojo. Hayo maji ya asubuhi yaache kwanza.

Halidi

*

Visiga
14 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi Julai Ponsiano alirudi bila barua. Aliniambia ulimpa chupa mlangoni ukafunga mlango. Mwezi huu nilimwagiza asiichukue chupa yako, achote mwenyewe kwa ndoo kisimani. Alinisimulia kwamba ulikaa barazani ukimtazama.

Majibu ni haya. Mara tisa ya kiwango.

Wazuieni watu wote wasichote. Ng'oa kile kibao. Kamba na ndoo zitolewe leo. Gari la maji litakuja kesho kutwa, nimeshalipigania. Mwambie Mboni asiwape wajukuu hata ya kusukutua. Na Firdausi apelekwe hospitali na gari hili hili lililoleta barua, Ponsiano ameambiwa asirudi bila yeye.

Halidi

*

Chole
20 Septemba 2024

Halidi,

Ulinipa shikamoo mbili sikuziitikia. Marahaba, na tena marahaba.

Ponsiano amekwambia, lakini haifai uisikie kwa dereva. Mtoto alizaliwa siku ya tatu baada ya Firdausi kufika hospitali. Wa kike. Hakulia. Nywele nyingi, vidole virefu vya ukoo wetu. Tulimzika kule kule, Firdausi hakuweza hata kukaa. Presha ilikuwa imempanda na figo zake daktari anasema zimechoka. Nilimuuliza, ni maji? Hakusema ni maji, hakusema si maji. Alisema wapo wengine wanaopata hivyo bila maji yoyote, kisha akaandika kwenye jalada muda mrefu. Sasa tumerudi nyumbani. Anakula uji bila chumvi na anatazama ukuta.

Wajukuu wa Mboni wamepimwa, mmoja mkojo wake si mzuri. Mboni haniongeleshi.

Uliniuliza chupa nazijaza wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuliwa na cha mtu asiyepata hata jina. Zilijazwa mtungini, pale ukumbini. Unaujua mtungi ule. Toka enzi za bibi yako maji ya mgeni hayatoki kwenye ndoo ya kisimani, yanatoka mtungini: maji ya mvua yaliyokingwa, yakachujwa kwa kitambaa, mtungi umefukizwa ubani. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, anakuja kijana wa watu kutoka serikalini, ananipa chupa safi ina kifuniko cheupe, nimrudishie maji yenye vumbi la kamba? Niliona aibu. Niliona wataidharau nyumba ya Mwishehe. Wallahi ile chupa ya kwanza ilikuwa adabu tu.

Kisha ikaja karatasi yako. Safi. Nilijua nilichotia si cha kisima. Lakini ilikuwa na mhuri na ilikuwa na jina lako, nikasema Halidi msomi, lazima wamepima na kisima chenyewe kwa njia zao, hawawezi kutegemea chupa ya ajuza. Nilitaka iwe hivyo. Ya pili, ya tatu na ya nne nikajaza mtungini tena, na hapo haikuwa adabu. Niliogopa. Nilijua wakikuta kibaya watakijaza kifusi, na babako atalala kule bila mtu wa kumwombea.

Na kila asubuhi nilikuwa nampa mwanangu kikombe kwa mkono wangu mwenyewe. Kikombe kikubwa.

Sheikh amekuja. Ameniambia kuondoa chenye madhara njiani pia ni sadaka, na Mungu hamkatii maiti thawabu kwa kosa la walio hai. Nimemsikia. Bado hayajaniingia.

Mwanne

*

Visiga
2 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Maulida ananiuliza nina nini, namwambia kazi.

Pole. Nimeshindwa kuandika zaidi ya hilo neno na naona haya jinsi lilivyo dogo. Nimekuwa namfikiria Firdausi mpaka usukani wa pikipiki unanitoka mikononi.

Usijibebeshe peke yako. Recho hakuniambia Julai. Aliniambia Aprili. Chupa ya kwanza kabisa, alisimama mlangoni kwangu na karatasi, akasema, "Kaka, haya ni maji ya mvua, usisaini, tuchote upya." Nilimwambia kisima hicho nakijua, nimekichimba mwenyewe, kina maji matamu. Nikasaini. Kumbe mwenyewe nakumbuka ule ukali kwenye ulimi mpaka leo.

Wakubwa walikuwa wananibana wapate ruhusa ya kuhamisha pampu, hilo ni kweli. Lakini nisingekuwa nimebanwa ningesaini vile vile. Nilitaka kiwe safi. Kati ya visima vyote vya Chole nilitaka cha baba yangu kisimame. Kisha pampu ikaondoka, na ndiyo iliyokuwa inayazuia yale maji. Mwezi Machi huenda kisima chetu kilikuwa na kidogo tu, hatutajua kamwe, maana hakuna aliyekipima. Pampu ilipong'olewa yakaja yote upande wenu. Nilipokuuliza Julai nilikuwa najua jibu, nilikuwa natafuta unisaidie kulisema.

Ofisi imefanya uchunguzi wake. Wameandika kwamba mwenye kisima alitoa maji yasiyo ya kisima hicho kwa udanganyifu, na mtaalamu alisaini kwa nia njema. Recho amenyamaza, ana mkataba wa miezi sita sita. Pampu inarudishwa kwenu mwezi huu. Itachukua miaka mingi kuyasafisha maji yale, mimi mwenyewe huenda nikastaafu kabla hayajakamilika.

Naomba hili la Aprili libaki kati yako na mimi kwa sasa. Si kwa ajili ya kazi tu. Firdausi hana nguvu ya kulisikia. Akipata nafuu nitajua la kufanya. Nisamehe, Shangazi, kama unaweza.

Halidi

*

Chole
11 Oktoba 2024

Halidi,

Marahaba. Nimeisoma yako kwenye jua, kisha nikaisoma ndani, nikadhani labda macho.

Nikwambie kwanza ya huku. Ijumaa iliyopita, wanaume walipotoka msikitini na wanawake wakiwa wamejaa kwenye gari la maji, nilisimama nikasema. Nilianza na Mboni. Nikamwambia, Mboni, chupa ilijazwa na mimi, mtungini, si mara moja, na nilikuwa najua. Sikutaja adabu wala mgeni wala nini. Mwanamke mmoja alinitemea mate karibu na miguu, wengine wakaondoka na ndoo zao. Mboni alikaa chini mchangani. Baadaye sana akanyanyuka, akaniambia niende naye kumpeleka yule mjukuu kliniki Jumatatu, yeye hajui kusoma vibao. Tulikwenda.

Kisima kimezibwa juzi. Vijana wenu walileta zege. Nilitaka nilie, nikakuta machozi yameshaisha kwa yule mtoto.

Sasa wewe. Hasira ninazo, usidhani sina. Niliyaamini maandishi yako kuliko ulimi wangu mwenyewe. Yale maji yalikuwa na ukali mpya tangu Mei, nikaumeza, nikasema Halidi amesaini. Lakini sitakulaani, maana nikikulaani wewe nalaani jina la baba yangu, na tena mimi ni nani wa kumtupia mtu jiwe. Dhambi yako na yangu ni ndugu, zimelelewa nyumba moja.

Kuhusu msamaha, mimi nimekusamehe, na nimeuandika hapa uone. Kuhusu libaki kati yetu, hapana. Ofisi yako waandike wanachotaka juu ya ajuza wa Chole, mimi hawanipunguzii kitu. Ila huyu aliyelala chumbani ana haki ya kujua nani alifanya nini, wote wawili, si mmoja. Langu nimemwambia. Aliniangalia siku mbili bila kunisemesha, siku ya tatu akaniomba nimsuke. Lako sijamwambia, si kwa sababu umeniomba. Halisemwi na mimi.

Jumamosi hii hakuna kazi kwenu. Usinitumie barua nyingine kwa Ponsiano, sitaifungua. Njoo mwenyewe.

Ukifika ujue unakuta nini. Firdausi anakusifu kwa kila anayeingia. Anasema kama si binamu yake kumtuma dereva achote kwa mkono wake, tungekuwa bado tunakunywa mpaka leo. Ameniambia nikuandikie kwamba anakushukuru sana, na ameniuliza mara mbili kama nimeandika. Nimemwambia utakuja kuisikia kwake.

Shangazi yako,
Mwanne